Siku Niliyoingia na Magongo Kwenye Kaburi la Baba Yake

Nimewahi kukaa kaburini nikiwa hai, mchana kweupe, mchungaji amesimama juu yangu na Biblia yake mkononi.

Najua kuna watakaosema hii ni chai. Ulizeni mtu yeyote wa Lumuma.

Naitwa Happiness. Msicheke.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nafua mashuka kwenye kambi ya watalii nje kidogo ya hifadhi ya Mikumi. Mwenye kambi akaleta farasi. Wenzangu waliwaogopa, mimi nikawa napitia bandani kila nikimaliza kufua. Haukupita muda, nikawa ndiye ninayetangulia na wageni, niko juu ya tandiko, hatamu mkononi. Binti wa Lumuma, aisee. Nilijiona malkia.

Bandani alikuwepo Yared, kijana wa kijijini kwetu. Kazi yake kuwalisha farasi na kuwasafisha.

Yared ni mtani wangu. Ukoo wao na wetu ni watani tangu enzi za mababu.

Kwa wasiojua, kwetu mtani akikukuta umepika, anakula bila kuuliza. Anakutukania sura yako, mume wako, hata marehemu wako. Kukasirika ni mwiko.

Basi meneja wetu, Lusekelo, akatangaza anatafuta mkuu wa farasi. Kila mtu alijua ni mimi.

Asubuhi moja nikapanda kama kawaida. Yared alikuwa nyuma, nikadhani anampiga farasi brashi. Kumbe anafunga kamba mkiani, na mwisho wa kamba kuna kopo la maziwa lenye kokoto.

Farasi kupiga hatua, kopo likalia. Mnyama akapagawa.

Nakumbuka anga. Nakumbuka jiwe. Kilichofuata ni kelele, na ilinichukua muda kujua ni mimi ninayepiga kelele.

Paja lilivunjika, nyonga ikapasuka.

Nililazwa muda mrefu, mguu umening'inizwa. Niliwekewa vyuma. Nilifundishwa upya kukaa, kugeuka, kwenda chooni. Hiyo ya chooni sitaieleza.

Yared akaja wodini na ndugu zake. Akafunua hotpoti yangu, akala wali wangu, akauliza kwa sauti farasi naye amelazwa wodi gani. Wodi nzima ikacheka. Mama yangu mzazi akacheka.

Mimi nilikuwa nawaza nitapata wapi panga.

Nilipotaja polisi, aliyekuja kunizuia ni baba yake Yared, mzee Cleopa. Alikaa pembeni ya kitanda, akanishika mkono.

"Mwanangu, ule ulikuwa utani. Ukishtaki utani umeua undugu wa koo mbili."

Wazazi wangu wakamuunga mkono. Mambo yakaishia hapo, mimi niko kitandani, nyonga inawaka moto.

Halafu nikasikia mkuu wa farasi ni Yared.

Nilipotoka hospitali nikaenda kukaa kwa shangazi, pale Magomeni, Kilosa mjini. Kila asubuhi nilikuwa natoka na magongo mpaka duka la jirani, narudi jasho linanitiririka. Wengine wanapata nguvu kwa maombi. Mimi nilikuwa nalitaja jina lake. Nikiinua mguu, Yared. Nikiukanyaga chini, Yared. Ile chuki ilinitembeza kuliko dawa zote, na sioni aibu kulisema.

Siku moja mtani wa shangazi, mzee mmoja wa jirani, alikuja akamfichia kiatu. Akakaa mlangoni anamtazama anavyohangaika, anacheka mpaka anashika mbavu.

Nikamwangalia yule mzee. Kuna kitu kikanikaa kichwani.

Mtani akikufanyia jambo, anabaki. Anataka akuone. Raha yake yote iko hapo.

Yared alifunga lile kopo akaondoka. Mpishi wa kambi alishaniambia kwamba wakati naanguka, Yared alikuwa jikoni anakunywa chai, kimya.

Sasa ningemwambia nani? Kila nikifungua mdomo naambiwa acha hasira, ni mtani wako.

Mungu si Athumani. Mzee Cleopa akafariki.

Msinielewe vibaya, sikufurahia kifo. Ila nilipopata habari nilivaa kanga yangu, nikachukua magongo yangu, nikapanda gari la Lumuma siku hiyo hiyo.

Mnajua watani wanavyofanya msibani kwetu. Mtani anaweza kuingia kaburini akakataa kutoka mpaka wafiwa wamridhishe. Watu wanacheka, machozi yanapungua, kisha mazishi yanaendelea.

Jeneza lilipofika, nikawaomba vijana waliochimba wanishushe. Waombolezaji wakaanza kuangua kicheko. Kilema kaingia kaburini! Mchungaji mwenyewe akaficha tabasamu.

Wakanitupia noti. Nikazirudisha juu. Wakaahidi kuku. Nikakataa.

"Namtaka Yared," nikasema.

Akaja ukingoni, suti nyeusi, macho mekundu. Nyuma yake nikamwona Lusekelo na wafanyakazi wenzetu waliokuja kumzika mzee.

Nikamuuliza swali moja tu. "Ulipomaliza kufunga kopo, ulikwenda wapi?"

Akajaribu kucheka. Akasema mtani wangu, toka humo, baba anachomwa na jua.

Nikarudia swali.

"Jikoni," akasema.

Kicheko kikapungua. Wazee wakaanza kutazamana. Hakuna mtu wa kwetu asiyejua utani unavyofanywa.

"Hukutaka kuniona?" nikamuuliza. "Mtani gani huyo?"

Jeneza la baba yake lilikuwa nyuma yake, juu ya mabega ya watu. Ningekaa humo mpaka usiku, na yeye alilijua hilo.

"Haukuwa utani," akasema. "Niliitaka ile kazi."

Jamani. Nilisikia utamu mpaka kwenye vyuma vya mguu. Lusekelo aligeuka, akaondoka. Nikajua Yared hana kazi tena.

Nikageuka nitafute pa kushika nitoke. Hakuna mkono uliokuja.

Aliyeongea ni Rebeka, mama yake Yared, mjane mwenyewe. Hakupaza sauti.

"Kama haukuwa utani, basi wewe ni nani humo ndani ya kaburi la mume wangu?"

Kumbe utani ulimficha Yared, na mimi ndio ulioniruhusu kuingia humo. Ameuvunja kwa mdomo wake, nimebaki mwanamke mwenye magongo anayezuia maiti isizikwe.

Aliyeshuka kunitoa ni Yared. Akapiga magoti kwenye udongo, akaniambia nikanyage bega. Nikakanyaga. Na nilikanyaga kwa nguvu, makusudi kabisa.

Kesi nilifungua, akahukumiwa. Mimi nimerudi kwenye farasi, mguu mmoja umepungua kidogo. Kisasi changu nilikipata chote na sikirudishi.

Lakini wazee wa pande zote mbili walikaa wakasema nyumba yetu na nyumba ya Rebeka si watani tena.

Zamani nikikutana naye sokoni alikuwa anabeba nyanya zangu na kunitukana juu. Siku hizi namwamkia shikamoo, ananijibu marahaba mwanangu, hujambo, anapita. Kwa adabu kabisa. Namwangalia mgongo wake mpaka anapotelea kwenye watu.

Ninachowaambia ni hiki. Mtu akikuumiza akasema alikuwa anatania, usikubali kucheka naye. Mlazimishe aseme ukweli, hata kama ni mbele ya jeneza. Ila kabla hujamlazimisha, hesabu vizuri ni nani mwingine alikuwa anakupenda kwa utani huo huo.