Futi ya Mbao na Jeneza la Mama

Kaka yangu mkubwa alikuwa fundi wa mbao, na mimi ni mshonaji wa viti vya sofa. Tulipanga banda moja la mabati huko Gitothua, Ruiru. Yeye alikaa upande wa mlango ili apate mwanga na vumbi litoke nje, mimi nikakaa ndani na cherehani yangu na magunia ya sponji. Aliunda fremu, nikazivisha. Miaka mingi tulikula hivyo.

Macho yake yalianza kuharibika polepole. Hakuniambia. Nilijua kwa sababu aliacha kutumia tepu ya chuma. Kila fundi pale mtaani alikuwa na tepu kiunoni, na yeye alikuwa na yake, lakini nikaona inalala kwenye msumari wiki baada ya wiki. Badala yake akawa anatoa futi ya kukunja aliyopewa na mzee aliyemfundisha kazi Thika. Ilikuwa ya mbao ngumu iliyogeuka rangi ya asali kwa kushikwa, vipande vyembamba vilivyounganishwa kwa bawaba za shaba. Ukiikunja inaingia mfukoni, ukiifungua ni ndefu kuliko mtu.

Nilimuuliza mbona amerudia vitu vya wazee.

"Tepu inang'aa," akasema. "Na ile namba yake ni ndogo kama chawa."

Hospitalini walimwambia ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Walimpa dawa ya matone. Aliporudi alikaa kwenye benchi, akachukua tupa ndogo ya pembe tatu, akaanza kukata vijino kwenye ukingo wa ile futi, kimoja kwa kila inchi, na kirefu zaidi kila inchi ya sita. Nilisimamisha cherehani nikamtazama. Hapo ndipo nilielewa kwamba anajiandaa.

Niseme ukweli juu ya kile kifaa, maana watu hukicheka. Tepu ni nyepesi na ni ya haraka, lakini inalegea ukiivuta mbali, inahitaji mtu wa pili ashike ncha, na ukiteleza inarudi kwa kishindo na kukukata kidole. Futi ya mbao ikifunguliwa inasimama yenyewe. Unaweza kuiingiza ndani ya kabati na kupima kutoka ubavu hadi ubavu bila kuipinda. Bawaba zikiwa nzuri, kila kipande kinalia "tak" kinapokaa mahali pake, na kaka yangu alihesabu kwa ule mlio. Lakini lazima iwe nzuri. Nilimnunulia mpya kwenye duka la hadwea Thika, nikidhani namsaidia. Ilikuwa imepakwa rangi ya njano, bawaba zake za bati. Mvua za kwanza tu ikavimba, ikalegea viungo, ikawa inaning'inia kama mguu uliovunjika. Akaipapasa, akanirudishia kwa upole. "Hii ni ya watu wenye macho," akasema.

Kwa ile ya zamani aliendelea kufanya kazi hata alipokuwa haoni isipokuwa kivuli cha mlango. Wateja wengine waliondoka walipogundua. Waliobaki walipata meza zisizotikisika.

Kisha mama yetu akafa. Alikuwa akiishi Kamenu, Thika, katika chumba ambacho alikataa kukihama, na kifua chake kilikuwa kimemsumbua muda mrefu. Alinipa jina la mama yake, kwa hiyo maisha yake yote aliniita "mami", na kaka yangu akaiga. Jioni ile ya msiba, nyumba ikiwa imejaa akina mama wa kanisa, kaka alinishika mkono.

"Mami, jeneza nitaliunda mimi."

"Wewe peke yako?"

"Na wewe."

Asubuhi tulikwenda mochari. Mhudumu, kijana mwenye gambuti nyeupe za mpira, alitaka tumalize haraka. "Si mseme tu ni mrefu kiasi gani?" akauliza. Kaka yangu alikuwa tayari anaifungua futi. Tak, tak, tak, kwenye chumba kile chenye baridi. Niliweka kiganja changu utosini mwa mama, yeye akatafuta kisigino. Aliishika futi hewani juu yake, imenyooka kabisa, isimguse. Nilifikiria tepu ingelegea ikamlalia kifuani. Alipima urefu, akapima mabega, kisha kina, kutoka meza hadi ncha ya vidole vilivyokunjwa tumboni. Kila mara aliupitisha ukucha wake kwenye vijino, midomo ikihesabu. Halafu vidole vyake vikaacha futi vikarudi kwenye nyayo.

"Miguu imepungua," akasema.

Ilikuwa imepungua kweli. Mama alikuwa amebaki kama msichana.

Tuliliunda kwa saiprasi iliyokaushwa vizuri, mbao alizokuwa amezihifadhi kwa kabati la mtu. Pale alipoweka kidole gumba nilichora mstari, na pale nilipochora alikata kwa msumeno huku mkono wa kushoto ukiongoza ubao kama anavyoongozwa mtoto barabarani. Tulipounganisha pande aliingiza futi ndani, akapima pembe hadi pembe, kisha pembe zile nyingine, kuhakikisha halijapinda. Zililingana. Nilishona kitambaa cheupe ndani, na mto mdogo. Akalipiga msasa mpaka likawa laini kama bakuli. Naweza kusema siku zile zilikuwa za mwisho ambazo nilimwona kaka yangu akiwa mzima.

Siku moja kabla ya mazishi mjomba wetu alikuja Gitothua. Ni ndugu mdogo wa mama, mzee wa kanisa, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Alilizunguka jeneza akiwa amefumbata mikono mgongoni.

"Ni zuri," akasema. "Mmefanya vizuri, wanangu."

"Asante, anko."

"Lakini halina hata vishikio vya shaba. Halina kioo." Akakohoa. "Watu watatoka mbali. Watauliza liliundwa na nani."

"Waambie liliundwa na mwanawe," kaka yangu akasema.

Mjomba akanitazama mimi, si yeye. "Ndiyo hiyo wataongea. Kwamba tulishindwa, tukamwachia kipofu kazi."

Alilisema neno lile kwa sauti ya chini, kana kwamba mtu asiyeona pia hasikii. Kaka yangu aliendelea kupapasa ukingo wa kifuniko. Mjomba akaondoka akisema tutaonana asubuhi, nasi tukadhani maneno yameishia hapo.

Tulipofika mochari na jeneza letu juu ya pikapu, mama alikuwa tayari amelazwa ndani ya jingine. Lilikuwa jeusi, linang'aa, lina kioo juu ya uso na maua ya plastiki pembeni. Akina mama wa kanisa walikuwa wameanza kuimba. Nilimwendea mjomba, nikamshika koti.

"Anko, mbona mnatufanyia hivi?"

"Mami, si leo," akasema. "Usituaibishe mbele ya watu."

Nilirudi nikamweleza kaka yangu. Aliuliza jambo moja tu: "Ni kubwa kiasi gani?" Nikamwambia ni kubwa. Akatikisa kichwa. Dereva wa pikapu akaambiwa alirudishe letu Ruiru.

Shamba letu liko mashariki ya Thika, kwenye udongo mweusi. Mvua ilikuwa imenyesha, gari likakwama barabarani, na ikabidi wanaume walibebe jeneza kupanda mteremko hadi kaburini. Kaka yangu alidai nafasi yake kati ya wabebaji, na hakuna aliyethubutu kumnyima. Nilitembea karibu naye nikimwambia mahali pa kukanyaga. Walipoanza kupanda nikasikia kitu ndani kinateleza, polepole, halafu kikagonga upande wa miguu. Nyimbo zilikuwa juu. Nilitumaini ni mimi peke yangu niliyesikia.

"Mama anasonga," kaka yangu akasema.

"Endelea kutembea," mjomba akasema nyuma yake.

"Anasonga ndani. Msimamishe. Mumwekee kitu."

"Nyamaza, tafadhali. Tembea."

Mtu mmoja aliteleza kwenye tope, jeneza likainama, na ule mgongano ukaja tena. Safari hii wengi walisikia, niliona nyuso zao. Hakuna aliyesimama. Kaka yangu alikuwa akilia bila sauti, mdomo wazi, uso umeelekea mbele, na bega lake halikuacha mzigo. Walipomteremsha kaburini nilitazama pembeni. Yeye alisimama ukingoni akisikiliza mpaka udongo wa mwisho.

Jeneza la saiprasi lilikaa bandani kwetu. Tulilifunika kwa turubai, lakini wateja waliijua ile sura, wakawa hawaingii, wanazungumza nasi wakiwa nje. Alikuja mama mmoja kutoka Kiandutu, aliyefiwa na mume, ameelekezwa na mtu kwamba tuna sanduku lisilo na mwenyewe. Kaka yangu alikuwa radhi alichukue bure. Akamwomba urefu wa marehemu, yule mama akaonyesha kwa mkono wake ukutani, na kaka yangu akapima pale ukutani kwa futi, vijino kwa vijino. Halingemtosha. Lilikuwa la mama yetu tu. Yule mama alishukuru akaenda zake.

Baada ya hapo alilivunja. Alinikataza nisimsaidie. Aling'oa kila ubao bila kuupasua, akazipanga mbao ukutani, akafagia, akasema anataka kwenda kupumzika Kamenu kidogo, katika chumba cha mama. Yupo huko mpaka leo. Hata ule mwanga wa mlango aliokuwa akiuona umezima.

Siku hizi nina fundi mwingine bandani, mtu mzima, mchapakazi, anatumia tepu yake na simlaumu. Kaka yangu alikuja mara moja, nikiwa nimemlazimisha. Fundi alimkaribisha kwa heshima, akamwonyesha kitanda alichomaliza. Kaka yangu alikipapasa kuanzia kichwani hadi miguuni, akasimama kidogo kwenye kona moja ambayo kiungo chake kilikuwa kimeachana, akairudia kwa kidole.

"Kiko vipi?" nikamuuliza.

"Kiko sawa," akasema. Kisha akanyoosha mkono kutafuta bega langu. "Nirudishe nyumbani, mami. Nimechoka."