Mguu Wangu wa Kushoto na Figo ya Kaka

Iko siku moja sijaisahau, mwanangu, na leo umenirudisha pale pale. Nimekuona asubuhi ukishuka ngazi ukishikilia ukuta, na hiyo bandeji umeificha ndani ya suruali ukidhani anti yako macho yamezeeka. Halafu nakusikia ukimwambia mtu kwa simu ati kesho saa kumi na mbili utakuwa barabarani tena, kwa sababu ukikaa wiki moja kilo zote ulizopunguza zitarudi. Kaa hapo kwa kochi, Njeri. Weka mguu juu ya stuli. Usininunie, chai inakuja.

Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Cheka tu, lakini ukifika umri wangu utajua huo ni ujana mtupu. Nilikuwa mpishi wa shule ya bweni hapa Nakuru, mwanamke mnene mwenye nguvu zake, wa kuinua sufuria ya githeri ya watoto mia mbili akisaidiwa na mtu mmoja tu. Unene haukunisumbua hata kidogo. Kila nilichopika nilikionja, na chakula cha shule hakionjwi kwa kijiko kidogo.

Kilichonisumbua ni baba yako. Mwaura ni kaka yangu wa pekee, na ndiye aliyenilea wazazi wetu walipofariki. Mwaka ule figo zake zilikuwa zimekufa, zote mbili. Wewe ulikuwa na miaka minne, labda unakumbuka tu kwamba baba alikuwa haonekani sana nyumbani Kabazi. Alikuwa kwangu. Mara mbili kwa wiki alilazwa kando ya mashine ya kusafisha damu, saa nne nzima, kisha anarudi nyumbani amechoka hata viatu namvua mimi. Uliambiwa ukiwa mdogo kwamba damu ya anti ililingana na ya baba, na anti akakubali kumpa figo moja. Kuna sehemu nyingine hukuambiwa, na mimi ndiye niliyeomba ifichwe.

Daktari alinipima kila kitu akasema figo zangu ni safi, lakini kwa uzito niliokuwa nao hawezi kuniweka kwa kisu. Nipunguze kilo kumi na mbili kwanza. "Punguza polepole," alisema. Hilo neno la pili mimi sikulisikia kabisa.

Basi nikanunua raba, nikaanza kukimbia Milimani, ule mtaa wa matajiri. Nilichagua Milimani kwa sababu lami ni nzuri na hakuna mtu wa huko angeniona akaenda kunisema. Kila asubuhi kabla ya kazi ni mimi na leso yangu kiunoni, mbwa wanabweka ndani ya mageti, na masoja wanaoyalinda wananisalimia, "Mathe, leo tena?" Mwanzoni nilikuwa natembea kuliko kukimbia. Mwezi wa pili nilikuwa nakimbia kweli, na kilo saba zilikuwa zimeenda. Nikirudi nyumbani namkuta Mwaura ameketi mlangoni. Ananitabasamia tu, na lile tabasamu ndilo lililokuwa linanitoa kitandani kesho yake.

Ilikuwa Jumanne. Kuna kilima kirefu huko juu ambacho sikuwa nimewahi kukimaliza bila kusimama, na siku hiyo nikasema leo ni leo, kiburi tu. Katikati ya kilima, nyuma ya paja la kushoto, nikahisi kama mtu amenirushia jiwe. Hata niligeuka kumtafuta huyo mtu. Hakukuwa na mtu. Nikajaribu hatua moja, mguu ukakataa, nikakaa chini kwa lami kama mtoto. Soja mmoja mzee akatoka getini na kiti chake cha plastiki akanikalisha.

"Huo ni msuli, mathe," akasema. "Huo unataka kulala tu, hautaki kitu kingine."

Sasa sikiza ujinga wangu. Nilimshukuru yule mzee, nikachechemea hadi karibu na nyumbani, halafu kabla ya kufika mlangoni nikajinyoosha nikatembea kama kawaida, meno nimeyauma. Sikutaka Mwaura ajue. Kilo tano zilikuwa zimebaki, na yeye alikuwa anakonda mbele ya macho yangu. Nilijiambia nikilala mwezi mmoja unene wote utarudi, na sikujua kama yeye ana miezi ya kupoteza. Nilikuwa naogopa, mwanangu. Alipolala mchana nilikuwa nachungulia mlangoni kuona kama blanketi linapanda na kushuka.

Siku ya tatu nikaenda duka la dawa nikaomba kitu kikali cha maumivu. Nikapewa vidonge kwa bahasha ndogo ya karatasi. Vilifanya kazi, sitakudanganya. Nikimeza viwili, baada ya nusu saa mguu umenyamaza nami niko barabarani. Vikiisha nguvu nameza vingine. Nyuma ya paja palikuwa pamegeuka rangi ya biringanya, nikapafunga bandeji nikavaa sketi ndefu, kama wewe na hiyo suruali yako. Na kwa kuwa sasa nilikimbia kidogo kuliko mwanzo, nikaona nifidie kwa kufunga tumbo. Asubuhi chai ya rangi, mchana chungwa moja, jioni sukuma wiki bila ugali. Jikoni shuleni nilikuwa nashika meza nisianguke. Wiki mbili nilienda hivyo, na nilijiona shujaa.

Alhamisi moja nikamsindikiza Mwaura kwa mashine. Pale kulikuwa na muuguzi, sista anaitwa Jerono, mwanamke wa sauti ya chini ambaye alikuwa ametuzoea kama watu wa kwao. Aliniona nikivuka wadi akaacha alichokuwa akifanya.

"Mama, huo mguu una nini?"

"Ulivutika kidogo nikikimbia," nikamjibu. "Lakini sijaacha kukimbia."

"Unakimbia aje na mguu kama huo?"

Nikatoa ile bahasha kwa mkoba nikampa, tena kwa majivuno. Akaisoma, akaigeuza. Akaniuliza nimemeza kwa siku ngapi, nakula nini, nakunywa maji kiasi gani. Nikamweleza yote. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alisema tu, "Dawa za aina hii ukizimeza ovyo siku nyingi, na huli, na hunywi maji, zinaumiza figo. Na wewe ndiye unataka kutoa figo."

Baba yako alikuwa kitandani hatua mbili kutoka pale, mirija ya damu imeunganishwa kwa mkono wake. Alisikia kila neno. Aligeuza uso akaangalia ukuta, na hakunitazama tena mpaka mashine ilipozimwa.

Damu yangu ilipimwa siku ile ile. Daktari akasema figo zimeanza kulalamika. Mambo yote yasimame, nisimeze kidonge hata kimoja bila yeye kujua, nipumzishe mguu wiki sita, kisha nipimwe upya. Figo zisiporudi sawa, mimi si wa kutoa figo tena. Na hakukuwa na mtu mwingine, ndugu wote walikuwa wameshapimwa.

Tulipofika nyumbani Mwaura hakulala kama kawaida yake. Alikaa kwa kiti akaniita mbele yake, kama alivyokuwa akiniita nikiwa msichana nimevunja kitu.

"Wairimu, nisikize vizuri," akasema. "Nikisikia umekanyaga barabara tena na huo mguu, naenda kwa daktari mwenyewe namwambia sitaki figo yako. Na unajua mimi sibadilishi neno."

"Lakini nilifanya kwa ajili yako."

"Hapana. Ungekuwa unafanya kwa ajili yangu ungeniambia umeumia. Ulifanya kwa woga, na huo woga wako nusura uniue."

Nililia, sikufichi. Akaniletea kitambaa cha kujifuta, lakini yale maneno hakuyarudisha.

Basi nikapumzika, kwa lazima. Mwalimu mkuu alinipa ruhusa. Jirani mwenye friji akanigandishia pakiti za maziwa, nikawa nafunga moja kwa leso naiweka nyuma ya paja zile siku za kwanza. Sista Jerono alikataza nisikandwe kwa nguvu wala nisiunyooshe mguu mpaka maumivu yaishe. Akaniambia pia nianze kula. "Msuli uliochanika unashonwa na chakula," alisema, "ukiunyima utauguza huo mguu mpaka mwaka uishe." Kwa hivyo yai asubuhi, maharagwe mchana, ugali wa ukubwa wa ngumi yangu, mboga zaidi ya ugali. Wiki ya kwanza niliongezeka kilo moja nikalia tena. Jerono akasema mwili ulikuwa na njaa, sasa unashika kila kitu, uupe muda.

Ungetuona mezani ungecheka. Mimi nimekatazwa mafuta na sukari, baba yako amekatazwa chumvi, ndizi, viazi, na karibu kila kitu ambacho mtu wa Kabazi anakiita chakula. Kila mmoja anachungulia sahani ya mwenzake kwa tamaa. Alinitania sana siku zile. Aliniita mzee wa kiti, akasema shule imepata mpishi mpya na watoto wananenepa.

Lakini kuna jambo moja la siku zile ambalo linanirudia mpaka leo. Mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi haruhusiwi kunywa maji anavyotaka. Baba yako alikuwa na kikombe kimoja kidogo, na alikuwa anakilamba kidogo kidogo siku nzima, midomo imekauka. Mimi niliambiwa ninywe maji mengi. Na yeye ndiye aliyekuwa ananimiminia. Kila baada ya muda anainuka kwa taabu, anajaza glasi hadi juu, ananiletea pale kwa kochi, anaketi kunitazama nikinywa. Siku moja nikamwambia siwezi, nitakunywaje mbele yako na wewe una kiu hivyo. Akasema, "Kunywa, Wairimu. Kunywa na yangu."

Nikanywa. Sijui kama umewahi kunywa maji na machozi kwa pamoja.

Wiki ya nne alishikwa na homa kali akalazwa siku tano. Nilikaa kando ya kitanda chake nikijua kwamba kama si mimi na vidonge vyangu, huenda angekuwa ameshafanyiwa upasuaji. Hilo shtaka hakuna aliyenisomea, nilijisomea mwenyewe. Na hata katika ile homa, akifumbua macho akiona mguu wangu uko chini, ananyoosha kidole mpaka niupandishe kwa kiti cha pili.

Alipona homa. Wiki ya sita tukarudi kupimwa. Nilipanda mizani kwanza, nikakuta nimepunguza kilo mbili nikiwa nimekaa kwa kochi. Damu ikachukuliwa, tukangoja kwenye benchi, na Sista Jerono akatoka na karatasi. Alimshika Mwaura bega akaniangalia mimi akatikisa kichwa kukubali. Figo zilikuwa zimerudi sawa. Mwaura aliinamisha uso wake kwenye viganja, na hapo ndipo nilijua kuwa yeye pia alikuwa akiogopa siku zote zile, ila alikuwa akiogopa kimya.

Kilo tatu zilizobaki niliziondoa kwa kutembea. Natembea na yeye, kwa mwendo wake wa mgonjwa, mpaka getini, baadaye mpaka kwa kibanda cha mboga, baadaye mpaka barabara kubwa na kurudi. Zilichukua muda, nazo zikatoka. Mguu haujaniuma tena mpaka leo. Upasuaji ulifanyika, na mengine yote unayajua, maana umelelewa na mtu aliyetoka mzima kwa chumba kile cha upasuaji.

Ndiye huyo unamsikia jikoni akijifanya anaosha vikombe. Ndiye aliyenituma. Jana alikuona ukimeza kidonge ndipo uvae raba zako, akashindwa kukuambia neno, akaja akaketi nje mpaka giza likaingia. Hujui vile ulivyomtia hofu. Una damu yake, Njeri, na madaktari hawakuwahi kutuambia kwa nini figo zake zilikufa.

Kwa hivyo nasaha yangu ni hii. Msuli ukivutika, simama siku hiyo hiyo, usimalize kilima. Lala, kula, kunywa maji, na uache kilo zikae mahali zilipo kwa muda, hazina haraka kama unavyodhani. Ukianza tena, anza na mwendo wa mgonjwa. Sisemi dawa ya maumivu ni sumu. Daktari akikupa, meza vile alivyosema. Lakini dawa ya kuunyamazisha mguu ili uendelee kuuumiza, hiyo usiiguse. Na kubwa kuliko yote, ukiumia, mwambie anayekupenda. Usijinyooshe mlangoni kama nilivyofanya mimi. Nilidhani ninamwonea kaka yangu huruma, kumbe nilikuwa ninamnyima nafasi ya kunitunza, na hicho ndicho kitu pekee alichokuwa na nguvu ya kunipa.

Sasa usishushe mguu. Mwite baba yako kutoka jikoni, toa hiyo bandeji, umwonyeshe panapouma. Na Mungu aliyemwongezea yeye miaka hii yote akuongezee wewe, mwanangu, akuponye taratibu, na asikuache ukose mtu wa kukumiminia maji.