Mwenye Hisa Aliyekaa Nje

Mikutano ya Kampuni ya Tuinuane ilifanyika Jumapili baada ya kanisa, ndani ya banda la mashine ya posho pale Bondeni, Nakuru, na katika mikutano yote hiyo Nabalayo alikaa nje. Hakufukuzwa na mtu. Alikuwa na hisa nyingi kuliko karibu kila mwanamume aliyekalia magunia mle ndani. Alikaa nje kwa sababu fundi wa kampuni, Makokha, alikuwa bwana wa binti yake Milcah, na kwa Wabukusu wa siku zile mama hakai chumba kimoja na mkwe wake. Hali chakula naye, hamshiki mkono, halitaji jina lake. Wakikutana njiani, mmoja wao huingia kichakani hadi mwenzake apite. Basi mama aliwekewa kigoda kando ya ukuta wa mabati, akaupa mlango mgongo, na mambo ya mali yake akayasikia kupitia matundu ya misumari.

Ukicheka, cheka taratibu. Nimeona watu wanaokula meza moja na wakwe zao, na heshima haikualikwa mezani.

Nabalayo alikuja Nakuru akimfuata mumewe, aliyekuwa fundi wa injini za reli pale locoshed, karakana ya treni. Mume alipokufa kwa ugonjwa wa kifua, reli ilimpa mjane fedha kidogo. Shemeji zake walimtaka arudi Kimilili anunue ng'ombe, ambao bila shaka wangelala kwenye maboma yao. Yeye akanunua hisa za mashine ya posho, kisha akaendelea kuuza uji kwenye lango la stesheni kana kwamba hakuna kilichotokea. Shemeji walisema amemzika marehemu mara ya pili.

Mwanzoni walionekana waongo. Mashine ilisaga tangu asubuhi, unga ukauzwa hadi Njoro. Ndipo Makokha, aliyekuwa ameacha kazi ya paipu huko huko reli, akaja na habari ya Eburru.

Eburru ni milima iliyo juu ya Naivasha, na ardhi yake hupumua. Mvuke hutoka kwenye nyufa za mawe mchana na usiku, na wenyeji huukinga kwa mabati upate kupoa, wapate maji ya kunywa, maana mto hakuna. Mzungu mmoja aliyelima pareto huko alikuwa akikaushia maua yake kwa kuni, na kuni zilikuwa zinamwishia. Makokha alisema kwamba mvuke ule ukipitishwa kwenye paipu chini ya trei za waya, pareto itakauka bila kijiti kimoja cha kuni, na mzungu atailipa kampuni kwa kila gunia. Wenye hisa walishangilia. Paipu za kwanza zililiwa na mvuke wenyewe. Za pili zilivuja, na maua yakatoka yamechemka kama mboga ya jana. Kufikia mwaka wa hamsini na sita walikuwa kwenye paipu za tatu, na hakuna aliyekuwa akishangilia tena.

"Posho inasaga, Eburru inakula," alisema Kiprugut, mchuuzi wa ng'ombe kutoka Rongai, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alipenda kuona kitu kabla ya kukilipia. "Mimi nilinunua hisa ya unga. Sikununua ya moshi."

"Si moshi, ni mvuke," alijibu Omolo, mwenyekiti, gadi wa treni aliyeendesha mikutano kama anayepungia gari la moshi bendera.

"Ikiniletea hasara nitaiita moshi."

"Kuni zinaisha, Kiprugut. Iko siku wazungu wote kutoka Molo mpaka Ol Kalou watatafuta mahali pa kukausha pareto. Siku hiyo hisa yako moja utamuuzia mtu kwa ng'ombe wa maziwa."

"Huyo ng'ombe atakamuliwa siku hiyo. Watoto wangu wanataka chai leo."

Ndani waligawanyika hivyo kila Jumapili. Waliousifu mvuke kwa sauti kubwa zaidi ndio walioonekana Jumatatu nyuma ya soko wakiuza hisa zao kwa nusu bei. Na kila ilipofika saa ya kuamua, Omolo alitoka mlangoni na kuuliza, "Mama, na wewe je?"

"Niko pamoja na wengi," Nabalayo alijibu bila kugeuka.

Hilo halikuwa jibu. Lakini angefanyaje? Akimpinga mkwe, amemvua nguo mbele ya wanaume, na Milcah atalia nyumbani. Akimuunga mkono, watasema anakula kupitia paipu. Kwa hiyo alijificha nyuma ya wengi, hata siku ambazo wengi hawakuwepo, na moyoni alijionea haya. Mumewe alikuwa mtu wa kusema.

Mwishowe mkutano ukakwama katikati, nusu kwa nusu. Watu waliokuwa wametumwa Eburru walirudi kila mmoja na macho yale yale aliyokwenda nayo: aliyetaka kuona maua makavu aliyaona, na aliyetaka kuona matope aliyaona. Kiprugut akasimama.

"Mama aende," alisema. "Yeye iko na hisa mingi na haina mdomo mingi. Akisema imekauka, mimi nanyamaza. Akisema bado, tufunge."

Makokha alikuwa ameketi pale pale kwenye gunia, akaangalia viatu vyake. Kwa njia ya Milcah wakapanga kama desturi inavyotaka: mama atafika Alhamisi, na mkwe ataondoka kabla hajafika, ateremke Naivasha akangoje huko hadi mama apite.

Alhamisi hiyo lori la kabichi lilimchukua Nabalayo mapema, na askari wa kizuizi cha njiani, ambao siku zile za hali ya hatari waliweza kumkalisha mtu barabarani hadi jua la utosi, waliangalia karatasi yake ya kusafiria wakampungia apite. Akafika kabla ya wakati wake. Alisimama kwenye ua wa miti na kukohoa, kama mama mkwe anavyopaswa kukohoa ili aliye ndani ajue.

Makokha alikuwa bado yupo. Alitaka mama akute trei zina moto mzuri, akawa anakaza nati moja ya mwisho kwenye kiungo cha paipu kubwa. Aliposikia kikohozi aliiacha nati nusu na spana juu yake. Banda la kukaushia lilikuwa na mlango mmoja, na mlango huo ulitazama kule alikosimama mama mkwe. Mtu wa kabila lingine angetoka akasema shikamoo, mambo yakaisha. Yeye aliinama akajificha nyuma ya trei, akiuegemeza mgongo kwenye paipu ile ile. Kiungo kikaachia.

Nabalayo alisikia yowe na akajua mara moja ni la nani, ingawa sauti hiyo alikuwa ameisikia tu kupitia mabati. Akaja mbio mpaka mlangoni. Pale mlangoni miguu ilisimama. Alijifunika uso kwa leso aliyojitanda, akaugeukia ukuta, akaanza kuita watu. Watu walikuwa mbali shambani, wakichuma. Aliita kwa Kiswahili, kisha kwa Kibukusu, kisha akaanza kumwomba Mungu alete mwanamume yeyote, na muda wote huo mtu alikuwa ndani anaiva.

Yowe lilipopungua ndipo alipogutuka. Alitupa leso mlangoni akaingia, akaliita lile jina ambalo hakuwa amelitaja tangu harusi. "Makokha. Makokha, uko wapi?" Alimvuta nje kwa makwapa. Ovaroli ilikuwa imelowa maji ya moto na ilikuwa bado inamchoma, kwa hiyo aliifungua vifungo akaivua yote, na ngozi ya mgongo ikafuata kitambaa. Akachota kwenye pipa maji baridi yaliyotokana na mvuke huo huo, akammwagia, akachota tena. Kisha akamfunika kwa leso yake.

"Mama, nilikuwa najificha," alisema Makokha akiwa amefumba macho. "Nisamehe."

Ndilo neno la kwanza aliloambiwa na mkwe wake maishani. Mfanyakazi mmoja alikuwa hatimaye amesikia na kukimbilia lori la mzungu, na mama akabaki ameketi karibu na mlango, mgongo kwa mgonjwa, akingoja. Mkononi mwake, hakujua saa ngapi lilikuwa limeingia humo, mlikuwa na ua la pareto kutoka kwenye trei. Alilifinya. Likavunjika likawa unga. Lilikuwa kavu kabisa, na moyo wake ukafurahi. Mtoto wa watu anaugulia maumivu nyuma yake, na yeye anapima ua na kufurahia hisa. Alilitupa na kujipangusa vidole kwenye nguo, akaendelea kuvipangusa hata ndani ya lori.

Makokha alilazwa hospitalini. Jumapili iliyofuata, kwa kuwa mkwe hakuwepo, Nabalayo aliingia ndani ya banda la posho kwa mara ya kwanza. Wanaume walimwachia gunia zuri.

"Hakuna haja ya kubishana tena," Kiprugut alisema, na sauti yake ilikuwa ya huruma. "Hiyo mashine imepika mtu. Kesho itapika mwingine. Tuuze paipu, tumsaidie huyo kijana, tubaki na unga."

Vichwa vilikubali. Hata Omolo alikuwa amekunja bendera yake. Kulikuwa na mnong'ono kwamba Makokha hajui kazi, kwamba fundi wa kweli hachomwi na paipu yake mwenyewe, na mmoja alicheka kidogo. Nabalayo alikisikia kicheko hicho vizuri sana, maana hapakuwa na mabati katikati. Angenyamaza, hisa zake zingepona na siri yake ingepona. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, wahenga walisema. Lakini huyu hakuwa maiti, na walikuwa wanamzika.

Akasimama.

"Mashine haina kosa," alisema. "Mimi ndiye niliyefika mapema nikakohoa. Alikuwa anakaza nati, akaiacha, akajificha mimi nisimwone. Nilimwona. Nilimvua nguo kwa mikono hii, zote, nikammwagia maji. Na kabla ya hapo nilisimama mlangoni nimefunika uso, nikimwacha aungue kwa sababu ya heshima. Pareto ilikuwa imekauka. Nilishika ua moja, na yeye amelala hapo. Sasa mmejua. Mimi niko upande wa mvuke."

Hakuna aliyemtazama. Wanaume wazima walichunguza sakafu kama wanaotafuta sindano. Mzee mmoja wa Kibukusu alitoka nje na hakurudi. Ndipo Kiprugut akasema, "Mimi nilisema nitanyamaza," akainua mkono kwa ajili ya Eburru, na wengine wakainua.

Omolo alikwenda hospitali jioni hiyo hiyo akiwa na furaha ya mtu aliyeleta habari njema. Alimkuta Makokha amelala kifudifudi, Milcah kando yake akimpepea. Akawasimulia yote, neno kwa neno, jinsi mama alivyosimama na kuokoa kazi.

Makokha aliugeuzia ukuta uso. "Wenye hisa wote walikuwepo?"

"Wote. Banda lilijaa."

"Wote walisikia nilivuliwa na nani?"

Omolo akaanza kuelewa, akavua kofia yake.

"Basi tafuteni fundi mwingine, mwenyekiti," alisema Makokha. "Mimi siwezi kushika spana mbele ya watu ambao wote wameniona uchi."

Alipopona walihamia Kitale, yeye na Milcah, bila kupita kwa mama kuaga. Fundi mwingine aliyeweza kuongea na mvuke wa Eburru hakupatikana. Paipu ziliuzwa kwa yule mzungu, na siku habari ilipofika sokoni, hisa za Tuinuane zilipanda, maana sasa ilikuwa kampuni ya unga tu. Waliouza kwa nusu bei waliuma vidole. Nabalayo, ambaye hakuuza hata moja, akawa mwanamke mwenye mali pale Bondeni. Shemeji zake walianza kumwita mama mwenye akili.

Mwezi fulani kikafika kifurushi kutoka Kitale kwa treni, kikaletwa na Omolo mwenyewe. Ndani yake ilikuwamo ile leso ya Eburru, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa vizuri. Neno hata moja halikuandamana nayo. Nabalayo alikaa nayo mapajani hadi uji ukaungua jikoni.

Jumapili ya mkutano uliofuata, Omolo alitoka mlangoni mwa banda la posho na kumkuta kwenye kigoda chake cha zamani, kando ya mabati, mgongo kwa mlango.

"Mama, ingia ndani," alimwambia. "Mkwe wako hayuko siku hizi."

"Najua hayuko," alisema Nabalayo, na hakugeuka.