Msusi na Kipandauso Chake

Mazungumzo yamenoga, vidole vinakwenda mbio kichwani kwa mteja, mara msusi anasita. Kwenye pembe ya jicho lake pameanza kumetameta, kama jua likipiga juu ya bati.

"Mwanangu, nivumilie kidogo," anamwambia mteja. "Kile kichwa changu kinakuja."

Anameza kidonge, anaingia chumba cha nyuma, anavuta pazia na kujilaza. Mteja wala hashangai. Katika saluni hii kila mtu anajua kipandauso ni nini.

Baada ya saa moja hivi anatoka akijinyoosha, anashika kitana.

"Zamani ningeamka kesho kutwa," anasema, akicheka.

Wateja humwita Mama Mikono kwa wepesi wa vidole vyake. Lakini kwa miaka mingi kichwa kilimgonga upande mmoja, mwanga ukamchoma, harufu ya dawa za nywele ikamtapisha. Majirani walisema karogwa. Mumewe alidhani anadeka.

Kisha ikaja siku ya bibi harusi.

"Nimemsuka nusu kichwa, namtazama kwenye kioo, nusu ya uso wake siioni! Nikakaa chini nikalia." Bibi harusi alijifunga kilemba, akaenda kuolewa hivyo hivyo.

Wifi yake ndiye aliyemkokota hadi kliniki. Daktari alimuuliza anavyokula, anavyolala, na dawa anazotumia.

"Nikamwambia vidonge vya maumivu navitafuna kila siku kama karanga. Akashika kichwa yeye!"

Kumbe dawa hizo, zikizoeleka, nazo huleta maumivu. Daktari alimwachisha, akampa nyingine ya kumeza mapema, dalili zinapoanza tu, tena kwa siku chache tu za mwezi. Akamtaka ale kwa wakati, alale vya kutosha na asifanye kazi madirisha yakiwa yamefungwa.

"Hakuniambia kitaisha kabisa," anasema. "Aliniambia kina jina na kina dawa. Nilitoka pale mwepesi, jamani! Kumbe sikuwa na wazimu."

Kichwa bado humjia, ila mara moja moja. Na mumewe? Siku hizi akimwona amekunja uso tu, anakimbilia kuzima redio.

Wiki ijayo saluni itafungwa asubuhi moja. Binti yake wa sekondari ameanza kulalamikia upande mmoja wa kichwa, na wanakwenda kliniki pamoja.

"Mimi nimeambiwa nadeka nusu ya maisha yangu," anasema Mama Mikono. "Huyu wangu kasema jana, na jana hiyo hiyo nikamwamini."