Kibao cha Mamba cha Costancia

Costancia Ulimboka anaandika mabango hapa Kidodi, kando ya barabara ya malori ya miwa. Babu yake alikuja huku wilayani Kilosa kufanya kazi ya reli, akabaki. Herufi za Costancia unazijua kwa mbali: nene, zimeinama kama watu wanaocheka, na huwezi kukuta A mbili zinazofanana. Saluni ya Joha ina S iliyosukwa nywele. Kwenye banda la chipsi herufi zimenona kama zimekula zenyewe. Huchora kwanza kwa chaki, akarudi nyuma hatua tano, akacheka peke yake, ndipo achovye brashi.

Mwaka huu mamba alionekana Mto Ruaha, pale watoto wanapoogelea. Mzee Mwinshehe, mwenyekiti wa kitongoji, akamwagiza aandike kibao cha kuwaonya.

Costancia akakifanya kwa moyo wote. MAMBA, kijani na njano. Kila M ina meno, na A ya mwisho ina mkia. Kilipendeza, sikatai.

Bustani yangu ya mchicha inatazama mto, na tangu habari za mamba macho yangu hayatulii. Siku ya kwanza nikaona watoto wanne mbele ya kibao, pale kiliposimikwa ukingoni mwa maji. Siku ya pili walikuwa kumi na mmoja, na Happy wangu yumo, anapapasa ule mkia, miguu ndani ya maji. Nikatupa jembe.

"Happy! Toka hapo!"

"Mama, tunasoma!"

"Kasomee nyumbani!"

Nikaenda moja kwa moja kwa Costancia, hata pumzi sina.

"Shikamoo, Mama Happy."

"Marahaba. Mwanangu, kibao chako kinawaita watoto mtoni. Wanatoka mpaka kitongoji cha pili kuja kukiangalia."

Akacheka, alidhani namsifu. Kisha akaniangalia usoni, akaweka brashi chini. Tukamfuata Mzee Mwinshehe, kibao kikang'olewa saa ile ile.

"Kichomwe moto," mzee akasema.

"Kwa nini, mzee?" Costancia akadakia. "Kama kinaita watoto, kiwaite mbali na maji."

Wakakisimika kando ya uwanja wa mpira, na chini yake akaongeza: YUPO MTONI, USIENDE.

Kwa ajili ya mtoni akaazima rula ya Happy, akaandika kingine. Rangi nyeusi, herufi zimenyooka kama askari wa gwaride: HATARI. MAMBA. Kazi ile ilimtoa jasho kuliko zote.

"Imekaa vibaya, Mama Happy?"

"Vibaya kabisa."

"Afadhali."

Kesho yake Happy akashuka kukitazama, nami nyuma yake kimya kimya. Alisimama mbali na maji, akakunja pua.

"Hiki hakina raha," akasema, akageuka mbio kuelekea uwanjani.