Mbio Zisizo na Salamu

Siku hiyo naikumbuka kwa harufu ya maua ya kahawa. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha Old Moshi, mlima umejifunika ukungu, nami nakimbia katikati ya migomba kama mwizi wa kuku.

Mwanangu, usicheke. Nilikuwa mshonaji mjini, kutwa nimekaa kwenye cherehani, na daktari alikuwa ameniambia presha imepanda, nifanye mazoezi. Presha ndiyo iliyomchukua mama yangu, bibi yako ambaye hukumwona. Nawe ulikuwa bado unanyonya. Niliogopa, wala sioni haya kusema. Basi nikapanda nawe kwa shangazi yangu kupumzika, na kila asubuhi nikawa nakuacha naye, nakimbia. Niliyachukia mazoezi yale kama kwinini. Niliamka nimenuna, nikaombea mvua inyeshe nipate kisingizio.

Asubuhi hiyo nilimpita Bibi Ndeanasia, mzee kuliko wote ng'ambo ya mto, amesimama langoni kwake. Sikumsalimia. Nilikuwa nahema, macho chini, nataka tu yaishe. Haraka haraka haina baraka. Habari zilifika nyumbani kabla yangu.

"Umekimbizwa na nani?" shangazi akaniuliza.

"Nafanya mazoezi, shangazi."

"Huku kwetu anayempita mzee bila shikamoo ama amefiwa ama ameiba. Bibi anauliza wewe ni yupi."

Akachuma jani la sale kwenye uzio, lile tunaloombea msamaha, akanipa mkononi. "Mpelekee. Na usikimbie. Ukikutana na mtu, simama."

Nikakufunga mgongoni, nikashika kinjia cha kando ya mfereji, maana barabarani niliona aibu. Nikapotea. Lakini kupotea njia ndiko kujua njia. Maji yalikuwa yakinong'ona pembeni yangu, ukungu ukifunguka na kufunga, na kila lango lilikuwa na mtu wa kumsalimia. Mama mmoja alikuwa ameelemewa na mzigo wa majani ya ng'ombe, nikampokea hadi kwake. Mwingine akanipa ndizi ya kuchoma, akakuchezea mashavu. Nikaja kushtuka niko juu ya kilima kile nilichokuwa nakipanda kila siku kwa machozi. Jasho linanitiririka, na natabasamu peke yangu. Nilifurahi, mwanangu, hata nikaogopa kuitaja furaha yenyewe isije ikakimbia.

Bibi Ndeanasia alilipokea jani kwa mikono miwili, akanipa maziwa mgando.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini kesho usipopita nitajua unaumwa, nami nitakuja kukuona kwa mkongojo huu huu."

Ningemwachaje ajikongoje hadi ng'ambo ya kwetu? Nikaenda kesho yake, na siku zilizofuata, na safari ile sikuiita tena mazoezi. Niliiita kwenda kwa Bibi. Niliporudi mjini nikatafuta majirani hapa Rau, tukawa tunatembea hadi ukingoni mwa msitu, tukisengenya kidogo, Mungu atusamehe. Dawa za daktari sikuziacha, na presha ikashuka polepole.

Juzi umeniambia daktari wako naye amekupa maneno yaleyale, na ile mashine ya kukimbilia uliyoinunua sasa unaanikia nguo. Sikulaumu. Mwili haupendi kuadhibiwa. Mcheza kwao hutunzwa, kwa hiyo usijifungie chumbani ukapigana na miguu yako. Tafuta mwendo unaoupenda, na mtu atakayekuulizia usipotokea. Kama ni ngoma, cheza. Kama ni jembe, lima ukiimba. Siku ukichoka, nenda taratibu, ila nenda.

Usiache tu, mwanangu. Mama yangu alikufa akiwa na umri wako huu, nami nakupenda mno, sina nguvu ya kuzika tena. Mungu aitie miguu yako hamu ya njia, na akujalie uzione mvi zako mwenyewe.