Mbao Hadi Mdomoni mwa Mtutu

Bunduki ile iliingia kwenye karakana ya Cassien huko Gikondo mwanzoni mwa mwaka 1990, imeviringishwa ndani ya blanketi kama mgonjwa. Mwenyewe alikuwa Mbelgiji mzee, mnunuzi wa kahawa, jina lake Lambert. Alieleza kwamba gari lake lilipinduka akirudi kutoka kuwinda Akagera, na kitako kikapasuka. Mafundi wengine walimshauri atengenezewe kipya, naye hakutaka kipya.

Cassien alikuwa seremala wa vitanda, milango na majeneza. Alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, akaja Kigali kijana, lakini hata baada ya miaka yote hiyo akifungua mdomo tu watu walimwuliza ametoka wapi. Mkewe alisharudi Bujumbura pamoja na binti yao, Belyse, akaolewa na mtu mwingine. Tangu hapo Cassien alipika sufuria ndogo, akala peke yake kwenye meza ya kazi baada ya kupangusa vumbi la mbao.

Alipofungua lile blanketi aliisogeza mlangoni penye mwanga. Kwenye bunduki alizokuwa amewahi kuziona, za askari na za walinzi, mbao iliishia katikati na chuma kikaendelea chenyewe. Hii ilivaa mbao kutoka begani hadi mdomoni mwa mtutu, kipande kimoja cha mti wa mjozi wa Ulaya, na mwishoni kofia ndogo ya chuma. Mistari ya mti ilijizungusha kwenye kitako, kisha ikanyooka taratibu kuufuata mtutu, kana kwamba mti wenyewe uliota ukijua utakuwa nini. Ilikuwa fupi, nyepesi, na haikuwa na pambo lolote.

Aliuziba ufa kwa gundi na vijiti vyembamba, akasugua kwa msasa laini, akapaka mafuta ya kitani. Kazi ilikwisha mapema, lakini alikaa nayo siku kadhaa zaidi, akisema gundi haijakauka. Lambert alipokuja kuichukua alipitisha kidole pale palipopasuka asipaone.

"Hii iko muzee kama mimi," alisema kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Lakini yeye amepona."

Kisha akamwambia Cassien aje kuitazama siku yoyote akipenda. Cassien alienda Jumapili iliyofuata, baada ya misa, akaendelea kwenda. Walikaa kwenye baraza la nyumba ya Lambert kule Kiyovu. Mzee yule alikuwa mjane, wanawe wako Ulaya, na wala hakuwa msemaji. Alileta bunduki, kitambaa na chupa ya mafuta, akaviweka mezani. Alikuwa na bunduki nyingine mbili kabatini, za mbao nusu, Cassien hakuzijali. Mara moja Lambert alimchukua kuwinda, swala akaanguka, na Cassien akageuka kutazama upande mwingine. Hawakurudia. Alichokipenda ni kuishika tu, na kusikia kwamba kuna mtu pembeni anapumua.

Mwaka huohuo alianza kuchonga yake, ya mbao tupu, kutoka kipande cha libuyu, mbao nyekundu ya Kongo, kilichobaki baada ya kutengeneza kabati la mteja. Aliichonga polepole, kwa kupima kwa macho, na ilipokwisha aliitundika ukutani juu ya patasi. Wateja walipouliza ni ya nini, alijibu kwamba ni nzuri tu.

Oktoba waasi walivuka mpaka kutoka Uganda, vita vikaanza kaskazini-mashariki. Wageni wengi waliondoka, na Lambert akaambiwa akabidhi bunduki zake. Alimwomba Cassien amsaidie kuzibeba. Ofisini, askari aliichukua ile ya mbao ndefu, akaitupa juu ya rundo la nyingine. Cassien alisikia mbao ikigonga chuma, akauma meno. Nje, Lambert alimshika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida, akasema atakuja tena mambo yakitulia. Hakuja.

Siku chache baadaye msako wa walioshukiwa kuwasaidia waasi ulifika Gikondo. Askari waliingia karakanani, wakaona kile kitu ukutani.

"Chuma umekificha wapi?" aliuliza mkubwa wao.

Cassien alijibu kwamba hakuna chuma. Aliulizwa tena, akajibu vilevile. Lafudhi yake haikumsaidia. Alichukuliwa pamoja na mamia ya wengine, wakarundikwa uwanja wa mpira, halafu gerezani. Alipigwa, akaulizwa chuma kiko wapi, na kila alipoeleza kwamba aliichonga kwa sababu ya uzuri, aliona nyuso zikizidi kumchukia. Baadaye akaacha kueleza. Hakuna aliyekuja kumtazama, maana hakuwa na wa kuja.

Walimwachia mwaka uliofuata, pamoja na wengine, bila kesi. Alikuta vifaa vyake salama. Béatha, jirani aliyeuza uji kando ya barabara, alikuwa amevificha chini ya kitanda chake. Bunduki yake ya libuyu ilikwenda na askari. Kilichokuwa kimepotea zaidi ni watu. Wateja walivuka barabara wakimwona. Padri alimpa mkono, lakini waumini waliacha nafasi pande zote mbili za mahali alipokaa. Zilipita siku nzima akiwa hajasema neno, isipokuwa kumwomba Béatha uji.

"Fundi, ungechonga Bikira Maria wasingekufunga," Béatha alimwambia siku moja.

"Sikumpenda Maria kwa namna ile, Mama Hirwa," alijibu, kisha akaona haya.

Mwishoni mwa mwaka 1992, mtu mmoja aitwaye Niyonzima, kiongozi wa vijana wa chama tawala pale mtaani, aliingia karakanani na wenzake. Walikaa kwenye mabenchi, wakacheka naye, wakamwita fundi wetu. Walitaka bunduki za mbao, nyingi, za kufanyia mazoezi ya gwaride. Niyonzima alisema kazi hiyo itamsafisha jina, watu watamsalimia tena. Na kweli, jioni ile watu watatu walimsalimia.

Alichonga ya kwanza. Hakuweza kuichonga vibaya: aliipa mbao hadi mwisho, akailainisha, akaipaka mafuta. Niyonzima alipokuja kuiona aliiweka begani, akafumba jicho moja, akaielekeza ng'ambo ya barabara alikokuwa Béatha na masufuria yake.

"Paa," alisema taratibu.

Wenzake walicheka. Béatha hakucheka. Alisimama na upawa mkononi, akimtazama Cassien, si yule aliyeshika bunduki.

Cassien alinyoosha mkono, akasema haijakwisha, kuna mahali panakwaruza. Niyonzima akamrudishia. Walipoondoka aliikata kwa msumeno vipande vipande, akaviwasha, akapikia maharage juu yake. Kesho yake alfajiri alifunga vifaa kwenye mkokoteni, akahamia Masaka, nje kidogo ya Kigali, kwenye shamba la Kagabo, kaka yake Béatha, aliyemwazima kibanda.

Huko alitengeneza mizinga ya nyuki na milango. Majirani walikuwa mbali, na hawakumjua kwa baya wala kwa jema. Alizoea kusema na randa.

Béatha alimtembelea Krismasi ya mwaka 1993. Alileta nyama, wakala pamoja mlangoni. Alimweleza kwamba Gikondo vijana sasa wanafanya mazoezi kiwanjani kila jioni, kila mmoja na bunduki ya mbao. Fundi mwingine alizitengeneza, kwa haraka, mbao za mikaratusi. Na wengine hawashiki tena za mbao, wamepewa za chuma.

Cassien aliosha sahani. Halafu akasema jambo alilokuwa hajamwambia mtu tangu mkewe aondoke.

"Usirudi, Mama Hirwa. Kaa hapa."

Béatha alitabasamu, akasema Hirwa yuko shuleni kule, na masufuria yake ameyaacha kwa jirani. Labda atakuja tena Pasaka. Cassien alimsindikiza mpaka barabarani, akamsaidia kupanda nyuma ya gari la ndizi, kisha akarudi shambani kabla giza halijaingia.